Chini ya Dari Moja

Tuliporudi Nairobi kutoka kumzika Kukhu, mamake Mama, nilikaa na Baba kwenye balkoni ya nyumba ileile ya Kileleshwa nilikokulia, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Nilikuwa nazo nyingi: Kukhu akichambua kunde, Kukhu na kitambaa chake cheupe cha kanisani, Kukhu akicheka mpaka pengo likaonekana. Baba aliipokea simu, akaona ni nani, akailaza kifudifudi mezani kama mtu aliyeshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu.

“Weka hiyo kitu, mama,” akaniambia. Baba huniita mama anapotaka nimtii bila maswali.

Jikoni Mama alikuwa anachemsha tangawizi, maana kulia siku kadhaa kulikuwa kumemharibu koo. Harufu ile ikaja mpaka balkoni ikanikuta na simu iliyolala kifudifudi, na vitu hivyo viwili vikanirudisha darasa la tano kwa nguvu hivi kwamba nilihisi shingo inapata moto. Ni aibu ya zamani, na bado inajua nyumbani kwangu, inaingia bila kubisha.

Mwaka ule tulikuwa na mwalimu wa hesabu nitakayemwita Madam Njoki. Alitufundisha kwa Kiingereza na kutuchekesha kwa Kiswahili. Wa rika langu mnaukumbuka mkebe wa bati wa jiometri, wenye bikari ya kumchoma jirani, pembetatu mbili za plastiki ambazo hakuna aliyejua kazi yake, na kipande cha rula. Siku tuliyoufungua kwa mara ya kwanza Madam aliweka kitone cha chaki ubaoni akasema hiyo ni nukta, haina upana wala urefu, iko tu. Kisha akachora mstari, akasema mstari wa kweli hauishii pale chaki inapoishia, unaendelea pande zote mbili bila kuchoka. Kisha akapitisha kiganja juu ya meza yake, polepole, kama anaondoa vumbi.

“Hili ni bapa. Lakini halikomi hapa ukingoni. Linapita ukuta, linapita barabara, linapita Ngong na kuendelea. Bapa halina mwisho. Mkifika nyumbani, mtafute.”

Nikaenda kutafuta, na nikawa kero. Nilishika pale kuta mbili zinapokutana, nikasema huu ni mstari. Nilipanda kitini kushika pembe ya dari, nikasema hii ni nukta. Nililala sakafuni jikoni Mama akipika nikamtangazia kwamba nimelala juu ya bapa, naye akaniambia kama bapa halina mwisho basi niende nikalalie upande wa sebuleni.

Wiki hiyohiyo ndipo Kukhu alipoletwa. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yake yote mawili, na daktari wa kule kwetu magharibi alikuwa amesema apelekwe Nairobi, kwenye hospitali kubwa ya rufaa karibu na Upper Hill, apimwe na kupasuliwa kabla hajapoteza macho kabisa. Ingechukua majuma kadhaa, na kwa majuma hayo angehitaji mahali pa kulala. Hapo ndipo kulikuwa na kazi.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Wakikaribiana njiani, kila mmoja anachepuka upande wake mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima, na watu huilinda heshima hiyo hata wakiwa wamesoma na kuokoka. Kijijini si vigumu, kuna nafasi na kuna migomba ya kujificha. Lakini mimi nilizaliwa Nairobi na hakuna aliyekuwa amenieleza lolote. Nilichokiona ni kwamba jioni ile, kabla Kukhu hajafika, Baba aliondoka nyumbani haraka haraka, akisema atarudi usiku.

Mama alikuwa amefikiria kila kitu. Nyumba za majengo yetu zina chumba cha msaidizi nyuma ya jikoni, chenye mlango wake wa kutokea ngazi za nyuma, zile ambazo mitungi ya gesi hupandishiwa. Wakati huo hatukuwa na msaidizi. Mama alikisugua chumba, akatandika kitanda, na Mjomba alipomleta Kukhu akampitisha kule nyuma moja kwa moja. Kukhu alipapasa ukuta kwa kiganja. Walikuwa wakiongea kilugha, nami nilikielewa kuliko nilivyokizungumza.

“Binti yangu, hapa si kwa mkwe?”

“Si kwake, Mama. Hii ni nyumba nyingine. Mlango ni mwingine, ngazi ni nyingine.”

“Na paa?”

“Paa liko juu kabisa, ghorofa ya mwisho. Hilo ni la mwenye nyumba, wala hatujawahi kuliona.”

Wakacheka wote watatu. Kukhu akakaa kitandani, akaanza kufungua kifurushi chake. Na mimi nilikuwa pale mlangoni na mkebe wangu, mtoto aliyejua jambo ambalo watu wazima hawakulijua.

“Lakini Kukhu, dari ni moja,” nikasema. “Hii ya hapa inapita juu ya jikoni, inapita juu ya kitanda cha Baba, inaenda mpaka kwa jirani, kwa kina Kevo. Ni bapa. Haina mwisho.”

Mikono ya Kukhu ikasimama. Kisha akaanza kulifunga tena fundo alilokuwa ameshalifungua, bila haraka. Mama alinitupia jicho ambalo hata leo nikilikumbuka naangalia chini.

“Mtoto hadanganyi,” Kukhu akasema. “Nirudisheni. Macho nimeyatumia ya kutosha. Siwezi kuyatafuta kwa kumvua nguo mume wa binti yangu.”

Mjomba akabembeleza, Mama akalia, Kukhu akatoka akapapasa njia na kukaa kwenye ngazi za nyuma na kifurushi mapajani, akingoja basi la kurudi kama vile lingepita pale. Hakuna aliyeweza kumrudisha ndani. Mwisho Mama alimpigia Baba simu akiwa amejifungia bafuni. Alipotoka alimwambia Kukhu kwamba mkwe amehama, kwamba atalala kwa rafiki yake Kilimani mpaka macho yapone, na kwamba nyumba ambayo mkwe halali si ya mkwe tena. Kukhu alipapasa fundo la kifurushi chake. Halafu akauliza kama rafiki huyo ana mke wa kumpikia, akaambiwa anaye, akakubali kuingia.

Mimi, wajameni, nilijivuna. Nilikuwa nimetaja bapa na watu wazima wote wakahamahama. Nilitamani asubuhi ifike nimwambie Madam Njoki.

Asubuhi ilifika. Niliposhuka kusubiri gari la shule, niliona kioo cha gari letu pale maegesho kimejaa ukungu kwa ndani. Baba alikuwa amelala kwenye kiti kilicholazwa nyuma, mdomo wazi, tai imening'inia kwenye usukani. Hakukuwa na rafiki Kilimani. Kuomba kitanda kwa mwenzake wa ofisini kungemlazimu aeleze sababu, na alikuwa na soni zake, mtu wa ofisi ya Upper Hill kueleza wenzake kwamba dari imemfukuza. Mlinzi alikuwa amegeukia geti kwa adabu. Kevo hakuwa na adabu hiyo.

“Eh! Buda yako amelala kwa gari! Kwani mathe amemtoa keja?”

Watoto wote wa ghorofa zetu walikuwa pale, wakasikia kwamba eti Mama amemfukuza Baba nyumbani. Nilitazama viatu vyangu. Ningeweza kusema ni heshima, kama ningejua. Badala yake nilijiuliza kimoyomoyo Baba amefanya nini kibaya hivyo, hata bibi kizee asiyeona asitake kulala alipo. Jibu sikulipata, na mtoto asipopata jibu hujitungia. Nikaamua kuna jambo, kwamba Kukhu analijua, na kwamba Baba ni mwoga.

Kuanzia hapo tukaishi kwa utaratibu. Baba alihitaji kupanda kuoga na kubadilisha nguo. Kukhu alihitaji kutoka kule nyuma aje kuota jua kwenye balkoni ya mbele. Mama akawa anatundika leso nyekundu kwenye kamba ya balkoni Kukhu akiwa mbele, na kuitoa akirudi chumbani kwake. Baba aliinua macho kutoka maegesho kama mtu anayesoma hali ya hewa. Nami nilichukua rula nikawachorea njia zao: Baba ngazi za mbele, Kukhu ngazi za nyuma, mistari miwili sambamba ambayo hata ukiirefusha mpaka Ngong haikutani. Nilimpelekea Baba pale garini. Aliitazama ile karatasi kwa makini.

“Safi sana,” akasema. “Sasa tuombe iendelee hivyo.”

Pia alikohoa. Kila alipofika kwenye kona ya ngazi alisimama, akakohoa kwa sauti, akasikiliza, ndipo akapanda. Kelele hiyo iliniudhi kuliko yote, kwa sababu Kevo alijifunza kuiiga na akawa anaikohoa kila ninapopita. Kukhu naye aliisikia kule chumbani kwake.

“Nani huyo anakohoa?” aliuliza siku moja.

“Jirani, Mama,” Mama akajibu.

“Jirani huyo ana kifua. Anapigwa na baridi.”

Akaomba tangawizi. Akaipondaponda mwenyewe kwa kupapasa, akaichemsha na asali, akanipa thamosi niipeleke kwa mwenye kifua. Baba aliinywa yote amesimama kando ya gari, machozi yanamtoka kwa ukali, akaifuta thamosi kwa kitambaa chake cha mfukoni na kunirudishia. Ilikuwa hivyo kila siku. Kukhu hakuuliza tena jirani ni nani, na aliacha hata kumwita jirani. Alisema tu, “Mpelekee mwenye kifua.”

Siku ya kupasuliwa macho ilifika wakati wa likizo. Mambo yakavurugika kwa sababu ya kochi. Kulikuwa na watu wanahamia ghorofa ya juu, na kochi lao kubwa lilikuwa limekwama kwenye kona ya ngazi za nyuma, halipandi halishuki, wapagazi wakilaumiana. Lifti ilikuwa imekufa. Mama, akihofia kuchelewa, aliamua kumshusha Kukhu kwa ngazi za mbele. Mimi nilitangulia nimebeba mfuko wa nguo. Leso haikuwa kwenye kamba, kwa hiyo Baba, kule chini, alijua njia ni yake.

Kikohozi chake nilikisikia, lakini wapagazi walikuwa wanapiga kelele na Mama hakukisikia. Baba akazunguka kona. Akatuona. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na kwenye ngazi pale chini yake walikaa Kevo na watoto wengine wakicheza bano kwa gololi zao. Kukhu alikuwa hatua chache juu yake, akishuka polepole, mkono kwenye chuma, uso umeelekea kwake kabisa na haumwoni.

Baba aligeuka akakimbia. Alishuka akiruka ngazi, akawapita watoto, soli ikateleza, akaanguka kwa goti pale sakafuni. Suruali ikapasuka kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Akainuka, akaendelea kukimbia akichechemea mpaka nje.

“Buda amehepa shosho!” Kevo akapiga kelele. “Na shosho haoni! Haoni hata!”

Walicheka mpaka wakashikana. Nilitamani ile sakafu ifunguke, bapa lisilo na mwisho lipate mwisho pale nilipokuwa nimesimama. Kukhu alikuwa ameugeuza uso wake ukutani na kufunika kichwa kwa shuka lake. Alisubiri mpaka nyayo zikaisha. Ndipo akamgeukia Mama.

“Ameumia?”

“Nani, Mama?”

“Mwenye kifua.”

Siku nzima ile Baba alisimama upande wa pili wa barabara, ng'ambo ya geti la hospitali, mpaka Mama alipompigia simu kwamba upasuaji umeenda vizuri. Nilimwona kutoka dirishani nikasogea kando ili asinione, kwa sababu kulikuwa na watu pale dirishani na sikutaka wajue ni wangu.

Kukhu akiwa bado amelazwa, Baba alinipeleka Kenyatta Market kula nyama. Zamani ingekuwa sikukuu kwangu. Moshi ulikuwa mwingi, wasusi walikuwa wanawaita wateja kwa mikono iliyoshika nywele, na mchoma nyama alikata mbavu juu ya ubao akiongea na Baba kuhusu mvua. Baba alikaa mguu mmoja umenyooshwa, kwa sababu ya goti. Nilingoja mpaka kachumbari ikaja, kisha nikauliza bila kumtazama.

“Baba, ulimfanyia Kukhu nini?”

“Sijamfanyia kitu.”

“Sasa unamwogopa wa nini?”

Hapo ndipo aliponieleza, kwa mara ya kwanza, yale niliyowaambia hapo juu kuhusu wakwe. Alieleza kwa sauti ya kawaida, sauti yake ya kuzungumza na mchoma nyama. Nilimsikiliza na bado sikuridhika. Kwangu ilionekana bado Kevo yuko sahihi.

“Lakini si haoni? Si ungesimama tu kando, apite? Hangejua.”

Baba alichagua kipande kisicho na mafuta akakiweka upande wangu wa ubao.

“Yeye haoni, ni sawa. Mimi naona.”

Akala kidogo, halafu akaongeza, “Kule nyumbani watu wawili wanagawana hiyo kazi. Yeye anaenda kando, na mimi naenda kando. Sasa yeye macho yameisha. Hiyo kando yake nani ataenda?”

Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa pale pale na kumshika mkono. Sikufanya hivyo. Niligeuka kuangalia kama kuna mtu wa shule yetu karibu aliyesikia, kwa sababu meza ya jirani walikuwa wamenyamaza. Nikamwomba aongee kwa sauti ya chini. Akaishusha sauti, kisha akaacha kuongea, tukamaliza nyama.

Kukhu alipona. Bendeji ilipotolewa alinitazama akasema kumbe nina magoti meusi hivi na hakuna aliyemwambia. Alikaa nyuma pale mpaka daktari akamruhusu kusafiri, sasa akijifunika mwenyewe na kuchepuka mwenyewe akisikia kikohozi, na kikohozi kikawa chepesi. Siku ya kuondoka aliacha rundo la tangawizi jikoni. Baba alirudi kulala kitandani mwake, na Kevo akapata mtu mwingine wa kucheka.

Aibu yangu haikuondoka, ila iligeuka polepole miaka ilivyokwenda. Kwanza niliacha kuona haya kwa sababu ya suruali iliyopasuka. Halafu nikaanza kuona haya kwa sababu ya lile dirisha la hospitali, na hiyo ndiyo iliyobaki. Nina nyumba yangu sasa, na mume wangu, mtu wa Kiambu asiyeijua desturi hii, akimwona Mama humkumbatia mlangoni na kumuuliza amemletea nini. Mama hucheka kwa adabu, akabaki mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Mimi huenda jikoni kuangalia chai ambayo haijawekwa motoni.

Katika mazishi ya Kukhu, Baba alikaa na wakwe wengine kule mwisho kabisa, kando ya ua palipoegeshwa magari. Jeneza lilipofunguliwa watu waage, wakwe wote waligeukia barabara.

Sasa pale balkoni alikuwa bado ameweka mkono juu ya simu yangu iliyolala kifudifudi, kama anaizuia isigeuke yenyewe. Tulisikia Mama akimimina tangawizi vikombeni.

“Alikuwa anafanana aje?” Baba akauliza.

Nilidhani simsikii vizuri. “Nani?”

“Kukhu wako.”

“Baba! Miaka yote hii?”

“Miguu naijua,” akasema. “Raba nyeusi. Ile ya kushoto alikuwa ameikata hapo mbele, kidole kipumue.”

“Na wakati ule, hapa, akiwa haoni? Akikaa hapohapo ulipokaa, anaota jua? Hukumwangalia hata kidogo?”

Alinitazama kama niliyemuuliza kama aliwahi kuiba. Sikumngoja anijibu. Nilivuta kiti changu karibu na chake, nikamwambia kwamba alikuwa na uso mpana, na nyusi chache, na kovu dogo la moto kwenye shavu, na kwamba Mama naye ana la kwake mahali palepale. Baba alifumba macho, ili asikie bila kumwona.